Mtani Aliyelala Kaburini

Ndugu zangu, leo nawapeleka msibani, na mkitaka kucheka chekeni, maana hata wafiwa walicheka.

Mwaka huo dunia nzima ilikuwa imefilisika. Ng'ambo viwanda vilifungwa, kamba zikakosa wanunuzi, na shamba la mkonge lililokuwa likilisha kijiji kimoja huku kwetu likafungwa. Harusi zikaahirishwa, chai ikanywewa bila sukari. Watu wenye njaa hutafuta wa kumlaumu, si ndiyo? Basi jumbe wa kijiji akawatafutia: wakata mkonge waliotoka bara. Akatangaza kwamba hao ndio wanaomaliza chakula, kwamba ardhi ya kuwagawia hakuna, na mwezi ukiandama wawe wameondoka. Akashangiliwa sana. Hata waliokula nao jana walishangilia.

Kabla mwezi haujaandama, mama yake jumbe akafariki. Sasa, wale wa bara walikuwa watani wa kijiji, na mila mnaijua: mtani ndiye anayechimba kaburi, na ndiye anayewachekesha wafiwa. Wakaja, wakachimba. Maiti ilipoletwa, mkata mkonge mmoja akajilaza chali mle kaburini, akakataa kutoka mpaka apewe chake, kama mtani anavyoruhusiwa.

Jumbe akamtolea senti. Jamaa hata hakunyoosha mkono.

"Toka basi, mtani," jumbe akamwambia. "Mama anasubiri."

"Nilikuomba kipande cha kupanda muhogo, mtani, ukasema ardhi imekwisha. Hii imetoka wapi?"

"Hiyo ni ya mama."

"Basi na mimi nigawie. Ila yangu iwe ya juu, mimi bado nakula."

Makaburini kote watu wakaangua kicheko. Jumbe naye akacheka, kisha akaona aibu, kisha akalia. Akainama akamshika mkono, akamvuta juu.

"Kalime nyuma ya nyumba yangu," akasema. "Na wenzako waambie wafungue mizigo."

Haya, ninyi mnaocheka. Maisha yakibana, sisi si ndio wa kwanza kuulizana nani si wa hapa? Halafu huyo huyo tuliyemnyima unga, akifa tunamchangia sanda, tena kwa moyo mweupe. Mungu alituambia tumpende jirani akishakufa? Kila mmoja wetu anamjua mtu wake, na nawaona mnavyotazama chini. Mkitoka hapa msiende nyumbani kwanza. Pitieni kwake.