Chakula Kilichofika cha Moto

Mtu mmoja wa bonde la Kilombero alibaki na binti mmoja na hofu moja. Jina lake Venansi, naye alikuwa akiendesha mashine ya kukoboa mpunga. Mkewe alipofariki, wanawake waliokaa mkekani pale msibani walinong'ona, na mnong'ono wao ukamfikia: sasa huyu mtoto ataanza kula viporo. Hawakuwa na nia mbaya. Ndivyo watu wasemavyo juu ya mtoto aliyeondokewa na mama, kwamba sahani yake hupoa kabla hajaitwa kula. Lakini Venansi aliyachukua maneno yale akayaweka moyoni, na kabla matanga hayajaanuliwa alikwisha kujiapiza kwamba Leokadia, binti yake, hatakula chakula kilichopoa maadamu yeye anapumua.

Leokadia alikuwa kidato cha nne katika shule ya kutwa. Aliondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, na masomo ya ziada yalimshikilia hadi saa kumi na moja jioni. Shuleni hapakupikwa chakula cha mchana. Kila mwanafunzi alijibebea chake. Alikuwa mwepesi wa kuelewa, na alitaka kusomea ukunga, kwa kuwa mama yake alifia uzazini. Ukunga ulitaka afaulu kemia. Baba na binti walilijua hilo, na nyumba nzima iliishi kwa ajili ya hilo.

Venansi si mtu wa kufanya mambo nusunusu. Alikwenda zahanati akamuuliza muuguzi ni chakula gani afungiwe mwanafunzi. Muuguzi akamweleza: kitu cha kutia nguvu, kitu cha kujenga mwili, mboga ya majani, na tunda. Basi akanunua hotpoti ndogo yenye mfuniko mwekundu, na kila siku akaamka saa kumi alfajiri, akakuna nazi, akapika wali na maharage, siku nyingine perege wa mchuzi, na juu yake mchicha. Wanaume wenzake walimcheka kwamba ananuka kitunguu kuliko pumba. Aliwaacha wacheke.

Chakula kilipoiva ndipo alipojisikia baba kweli. Aliupakua wali ukiwa bado unafuka mvuke, akaumwagia maharage yanayotokota, akaukandamiza mfuniko, kisha akaizungushia hotpoti khanga ya marehemu na kuifunga mafundo mawili. Hakungoja hata kidogo, kwani moto ungetoroka, na mashine nayo ilifunguliwa saa kumi na mbili na nusu. Mwisho alitupia mkobani ndizi mbivu na gao la karanga za kuchemsha, bila hata kuvitazama. Hivyo havikuwa na moto, kwa hiyo machoni pake havikuwa kitu.

Jioni binti aliporudi, baba aliuliza swali lilelile.

"Kilifika cha moto?"

"Kilifika cha moto, baba."

Naye aliipokea hotpoti, akaifunua, akaiona tupu, imesuguliwa inang'aa. Alilala na moyo mweupe. Wale wa mkekani, alijisemea, waje waone.

Katikati ya mwaka mwalimu wa darasa alimwita. Alimwambia kwamba asubuhi hakuna wa kumfikia Leokadia, lakini mchana ukiingia anainamisha kichwa juu ya dawati, macho yamefumba. Na hisabati na kemia, pale shuleni, zilifundishwa mchana. Venansi aliona haya mbele ya mwalimu, na haya ile ikageuka hasira alipofika nyumbani. Alimwambia binti yake kwamba anapikiwa kuliko wenye mama zao, na kwamba shibe ndiyo inayomlaza. Leokadia aliinama kupanga madaftari yake. Alikuwa amekonda, mifupa ya mabega imechomoza chini ya shati la shule, na baba yake aliuona ukondefu huo akautafsiri vibaya: akadhani kuna kijana.

Tangu siku hiyo akaacha kumsindikiza hadi barabarani. Maneno yakapungua mle ndani. Chakula hakikupungua, kilizidi. Alijaza wali hadi mfuniko ukagoma, akaukandamiza kwa kiwiko, akakaza mafundo. Alikuwa amekasirika na bado anapenda, na yote mawili aliyafunga ndani ya khanga ile moja. Jioni aliuliza kwa sauti kavu kama kilifika cha moto, akajibiwa kwamba kilifika.

Mitihani ya taifa ikafika, na siku ya kemia ikafika, mtihani wa saa nane mchana. Siku hiyo mama aliyewapikia wafanyakazi wa mashine alikuwa amefiwa, kwa hiyo kila mmoja alikuja na chake. Venansi alikuwa amejifungia sehemu yake kutoka sufuria lilelile, saa ileile, katika hotpoti ya zamani ya mkewe, kwa mkazo uleule. Saa saba kasoro alikaa juu ya gunia la pumba, akafungua.

Harufu ilimfikia kabla hajashika kijiko. Maharage yalikuwa na povu. Wali ulivutika nyuzi kila alipouchota. Kwanza aliilaumu hotpoti, kwamba imezeeka. Kisha akakumbuka mvuke alioufungia ndani, na joto la bonde lile, na saa zote zile mkobani, akaelewa. Alijilazimisha kumeza kijiko kimoja. Cha pili kilivirudisha vyote nje, akatapika mbele ya wateja, akaiacha mashine inanguruma na mpunga wa watu kwenye foleni, akashika njia ya shule.

Alimkuta Leokadia nyuma ya madarasa, kwenye bomba la maji. Binti alikuwa ameinamisha hotpoti yenye mfuniko mwekundu juu ya mtaro, na bata wa mlinzi wamemzunguka bila woga, kwa mazoea, bata wanene ambao Venansi hajapata kuona mfano wao. Ganda la ndizi lilikuwa kando, na maganda ya karanga. Mwaka mzima kilichomlisha mwanawe kilikuwa kile alichokitupia mkobani bila kukitazama.

"Nawe ulikuwa ukiniambia nini kila jioni?" baba aliuliza.

Leokadia hakujibu kwa jeuri. Alijibu kwa adabu aliyofundishwa.

"Uliniuliza kama kilifika cha moto, baba. Kila siku kilifika cha moto."

Kengele ikalia. Venansi alipapasa mifuko yake, atafute chochote cha kumpa, akakuta pumba tu. Binti aliifunga hotpoti, akamkabidhi, akaingia kwenye mtihani na ndizi na karanga tu tumboni. Mzazi yule alisimama pale na bata, akalia waziwazi.

Matokeo yalipotoka, masomo yaliyofundishwa asubuhi Leokadia alikuwa ameyafaulu vizuri sana. Yaliyofundishwa mchana yalimwangusha, na kemia ilikuwa miongoni mwake. Mlango wa ukunga ukafungwa.

Yule mama mpishi aliporudi kutoka msibani kwake, Venansi alimuuliza kosa lilikuwa wapi. Mama alidhani anamtania. Chakula cha kubeba, alisema, huachwa wazi mpaka mvuke uishe ndipo kifunikwe, na mchuzi hutengwa peke yake. Kila mwanamke anajua. Ni kungoja robo saa tu. Venansi aliirudia ile robo saa moyoni mwake siku nyingi. Angekaa kigodani wakati ule, mkabala na binti yake, chakula kikiwa wazi katikati yao, huenda siku moja mtoto angesema. Huenda yeye mwenyewe angeuliza swali jingine.

Siku hizi Leokadia anapepeta mchele palepale mashineni, vumbi la pumba kwenye nyusi zake. Alfajiri wali unapakuliwa, na baba na binti wanakaa huku na huku wakiutazama mvuke ukipungua. Saa saba wanafungua, na chakula ni kizuri, kimepoa, hakina harufu. Bado kuna ndizi. Venansi anamtazama binti yake akila mpaka anamaliza, kisha anageuza uso.

Nanyi mnaowafungia watu wenu kila asubuhi mlicho nacho, kiwe chakula, kiwe mafundisho, kiwe mapenzi, mkakifunika kingali cha moto na kukaza mafundo: ni nani kati yenu aliyewahi kukionja saa saba mchana?