Goti la Tadeo na Maswali ya Mama Yake

Wapo watu wanaoona kuuliza ni aibu. Wataingia shimoni macho yakiwa wazi, alimradi asitokee mtu wa kusema kwamba hawakuijua njia. Wahenga waliwachoka watu hao zamani, wakawaachia maneno matatu: kuuliza si ujinga. Tadeo wa Ruponda aliyasoma maneno hayo darasa la tatu, akayaandika kwenye daftari, akapewa vema. Kuyaelewa, alingoja mpaka goti limfundishe.

Tadeo alikuwa winga wa timu ya kata, mwepesi kama swala aliyesikia mbwa. Jumapili moja ya Oktoba walicheza na Ruangwa, ugenini. Alimpita beki wa kwanza, akampita wa pili. Wa tatu, Nicholaus, alikuja na guu lake kama gogo. Walipogongana, Tadeo alisikia kitu kikilia ta! ndani ya goti, kama korosho iliyokanyagwa. Hakuinuka. Hadi jioni goti lilikuwa limevimba kama mumunye, na mwezi wa pili alitakiwa Lindi, kufanyiwa majaribio na timu ya daraja la kwanza.

Mwenyekiti wa timu, Mzee Maximilian, alifika kumjulia hali akiwa ameshaamua.

"Daktari tumempata," alisema. "Mpasuaji wa mifupa, ana kliniki yake mwenyewe. Mtandaoni kapiga picha na wachezaji wakubwa mpaka simu inajaa."

"Hao wachezaji aliwatibu nini?" aliuliza Valentina, mama yake Tadeo.

"Mama Tadeo, mtu hapigi picha na mastaa hivihivi."

"Nimeuliza aliwatibu nini."

Tadeo alijigeuza kitandani kwa hasira. "Mama, daktari haulizwi. Ukimuudhi, ndiye huyohuyo atakayenishikia kisu."

Valentina hakubishana. Msimu wa korosho kazi yake ilikuwa kupima ubora ghalani. Gunia likiletwa, hata liwe limeshonwa kama nguo ya Pasaka, alichota korosho chache, akazikata moja moja na kuhesabu nzima na zilizooza. Wakulima walimnunia, lakini hakuna mzigo uliowahi kumtoka ukarudishwa. "Ganda halijawahi kunijibu," alizoea kusema.

Walikwenda kliniki. Sakafu iling'aa mpaka Tadeo akaogopa kuikanyaga. Daktari aliinua picha ya eksirei dirishani, akaitazama kwa muda wa kupiga chafya mbili, akairudisha mezani. Goti lenyewe hakuligusa.

"Jumatatu tunapasua."

"Samahani, dokta," alisema Valentina. "Magoti ya wachezaji, yaliyoumia kama hili, umeshapasua mangapi?"

"Mama, wewe umesomea udaktari?"

"Sijasomea. Ndiyo maana nauliza. Na kati ya hao, wangapi walirudi uwanjani?"

"Mimi napasua mifupa yote. Mfupa ni mfupa."

Tadeo alitamani sakafu ile ipasuke immeze. Mama yake aliichukua picha, akashukuru kwa adabu, akampa mwanawe bega la kuegemea. Walipofika nyumbani kijana alifoka, "Nicholaus kanivunja mara moja, Mama. Wewe umenivunja mara ya pili."

Maneno yale yalimchoma Valentina kama upupu. Hata hivyo, asubuhi alifunga khanga kiunoni akaenda Ruangwa, moja kwa moja nyumbani kwa Nicholaus. Beki yule alipomwona alisimama mlangoni, mikono nyuma kama mtuhumiwa.

"Shikamoo, mama. Wallahi sikukusudia."

"Marahaba. Najua hukukusudia, sikuja kugombana. Nasikia mwaka juzi nawe uliumia goti. Nani alikutibu?"

Nicholaus alipandisha suruali, akaonyesha kovu jembamba. "Daktari Agatha. Kazi yake hasa ni majeraha ya wanamichezo. Hana maneno mengi, mama, ila ukimuuliza anajibu, hata lile usilotaka kulisikia. Alhamisi atakuwa hapahapa Ruangwa na madaktari bingwa wanaozunguka."

Valentina hakuridhika na korosho moja. Aliulizia wengine wawili waliotibiwa na daktari huyo: mwalimu wa michezo na msichana wa netiboli. Mwalimu alisifu. Msichana alisema mazoezi yalimliza miezi sita, lakini sasa anadaka mpira.

Tadeo aliposikia, aliruka kwa mguu mmoja. "Nikatibiwe Ruangwa? Waliovunja ndio waunge?"

"Goti halina jezi," mama yake alimjibu.

Alhamisi alikwenda akivutwa kama mbuzi wa mnadani. Daktari Agatha, mwanamke mfupi mwenye miwani, aliweka eksirei pembeni, akalishika goti kwa mikono miwili. Alilisukuma kushoto, kulia, akalivuta mbele, huku akimtazama Tadeo usoni. Valentina akauliza yaleyale.

"Ya wachezaji nimepasua sitini na mawili," daktari alijibu bila kukunja uso. "Hamsini na mmoja wakarudi kucheza. Kumi na mmoja hawakurudi, na wengine kosa lilikuwa la haraka yetu sisi wapasuaji. Sasa nami nikuulize, mama. Nani alisema hili lipasuliwe?"

Valentina akamweleza habari za kliniki.

"Eksirei inaonyesha mfupa, na mfupa ni mzima," aliendelea. "Kilichochanika nadhani ni kano ya upande wa ndani, kamba inayofunga mfupa kwa mfupa. Hiyo ikitulizwa huunga yenyewe. Twende kwenye kipimo kikubwa kinachoonyesha hata kano, tuhakikishe."

Wiki iliyofuata majibu ya kipimo yalikuja kama alivyosema. Tadeo alihisi jiwe alilolibeba kifuani likiporomoka. Alicheka, kisha akafuta macho kwa kola ya shati.

"Kwa hiyo hakuna kisu, dokta?"

"Kisu cha nini? Utavaa kishikizo cha goti, utafanya mazoezi, na hutagusa mpira mpaka niseme."

"Na mazoezi yenyewe ni yapi? Mara ngapi kwa siku? Likiniuma niache au niendelee?"

Valentina alimtazama mwanawe, akatabasamu akiangalia pembeni.

Mwezi wa pili Tadeo alikimbia Lindi dakika tisini, akafunga bao, akachukuliwa. Habari zilipofika Ruponda, Mzee Maximilian alikuja kupongeza. Alikunywa chai, akasifia mvua, akachelewa kuaga. Mwishowe akasogeza kiti, akashika nyonga yake iliyomsumbua tangu ujana wake uwanjani.

"Mama Tadeo," alinong'ona, "huyo daktari wenu nikimwona, nianze kumuuliza nini?"

Valentina alimmiminia kikombe cha pili, akaanza kumfundisha taratibu, naye mzee akasikiliza kama mtoto wa darasa la tatu, kwa kuwa hatimaye alikubali kwamba kuuliza si ujinga.