Nyundo ya Mwalimu Kashindye na Figa la Tatu

Hapo zamani, wala si zamani za mbali, kwani hata nyinyi mnaonikodolea macho mlikwisha kuzaliwa, ila mlikuwa bado mnabebwa mgongoni, palikuwa na mwalimu wa miamba aitwaye Kashindye. Alifundisha katika chuo kimoja cha madini, na kila kiangazi aliwapeleka wanafunzi wake magharibi, mbele ya Mpanda, kwenye kilima cha Nsanga. Kilima kile kina shaba. Shaba haina siri, huacha rangi ya kijani kwenye mwamba, hata mpita njia huiona. Lakini wenyeji walisema kina na dhahabu pia, na Mwalimu aliwaamini. Akapanda mwaka huu, akapanda mwaka ule. Akapanda nywele zikiwa nyeusi, akapanda nywele zikiwa nyeupe. Dhahabu ya Nsanga hakuwahi kuitia machoni.

Sasa, Mwalimu huyu hakujaliwa mtoto. Alichokuwa nacho ni nyundo. Nyundo ya kuvunjia miamba, aliyopewa na mwalimu wake siku aliyohitimu, na mpini wa mninga aliouchonga mwenyewe. Kambini alilala nayo chini ya mto, msinicheke. Mwaka wake wa kustaafu ulipofika, katika safari ya mwisho, aliwakusanya wanafunzi chini ya kilima akaichomoa kiunoni.

"Wanangu," akasema, "mimi nikitoka hapa narudi kulima mihogo. Nyundo hii haitaki mihogo. Atakayenipatia dhahabu ya Nsanga kabla hatujapanda gari la kurudi, nyundo ni yake, na siku moja atampa mwanafunzi wake."

Wee! Waliitamani nyundo ile kuliko cheti. Walimpenda mzee wao, na kila mmoja alitaka yeye ndiye akabidhiwe.

Wa kwanza alikuwa Kabula, binti wa Kisukuma mwenye mkono mzito na subira fupi. Aliifuata ile rangi ya kijani. Wenzake walipofika kwenye miiba wakarudi, yeye akaingia kwa kutambaa. Akaifuata mpaka akaiona inaingia kwenye mkanda wa jiwe jeupe. Akagonga. Akagonga jua likiwa upande huu, akagonga jua likiwa upande ule, mpaka likang'oka jiwe lenye ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Akaligeuza. Kijani tupu.

"Shaba tena!" akasema kwa hasira. Akalipiga teke la buti, likaviringika mpaka chini njiani, naye akashuka viganja vikimwaka moto.

Wa pili alikuwa Anyitike, kijana wa Tukuyu, ambaye zamu ya kupika ilikuwa yake. Figa lake la tatu lilikuwa jiwe bovu linalomeguka, sufuria ikawa inayumba kila akisonga ugali. Akaenda njiani kutafuta jingine. Akanyanyua hili, akaliacha. Akanyanyua lile, akaliacha. Alipolinyanyua jiwe la Kabula akaguna, "Aisee, hili lina uzito wake!" Akalitia begani, mkono mwingine umeshika ndoo ya maji, akashuka nalo mpaka kambini. Sufuria ikatulia tuli.

Juu ya figa lile wakapikia ugali. Wakapikia dagaa. Wakapikia chai. Mwalimu mwenyewe aliegesha buti zake hapo zikauke, huku akiwahimiza vijana, "Macho, wanangu! Kazi yetu ni macho!" Haya, sasa chekeni, nimewaruhusu.

Wa tatu alikuwa Saumu, mtoto wa Tanga mjini, aliyekulia kwenye jiko la gesi. Siku ya kuondoka, mchana, watu wanakunja mahema na dereva anafunga mizigo, Anyitike akamwomba, "Dada Saumu, niangalizie maharage. Yakiiva, zima moto."

Nyinyi wote hapa mnajua moto wa kuni unavyozimwa. Kuni huvutwa. Unazivuta, unazifukia mchangani, basi. Saumu hakuvuta kitu. Alichukua ndoo akamwaga maji, pwaa! Moshi ukapanda, figa la tatu likalia paa! likapasuka, sufuria ikapinduka, na maharage ya watu wote yakaenda majivuni.

"Lahaula!" akalia Saumu.

Watu wakaja mbio. Anyitike akajishika kichwa. "Saumu! Kuni huvutwa, jamani! Kwenu hawavuti kuni?" Kabula akaangua kicheko, kisha akakumbuka kwamba na yeye hajala, kicheko kikamkauka.

Saumu akachuchumaa kuokota vipande, machozi yanamlengalenga kwa aibu. Kipande kimoja kikamng'aria mahali kilipovunjika. Sasa hawa watu wa miamba wana desturi moja ambayo wengine huiona wazimu. Hulamba mawe. Jiwe kavu hubana maneno, jiwe lililolowa husema. Saumu akakilamba, na majivu yake, na mchuzi wake wa maharage. Akachomoa pini ya ushungi wake, maana yako madini ya njano yanayodanganya, ukiyachoma hupukutika unga, lakini dhahabu hubonyea. Akachoma. Ikabonyea.

"Mwalimu," akaita. "Mwalimu wangu, njoo."

Mwalimu akaja. Akatazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena. Ndani ya jiwe jeupe, kando ya kijani cha shaba, ulipita uzi mwembamba wa dhahabu. Mzee akalia. Alilia mbele ya wanafunzi wake wala hakujificha, akakaa chini pale pale kwenye maharage.

Basi furaha ilipotulia, maneno yakaanza.

Kabula akakishika kipande. "Hili jiwe langu! Kijani hiki nimekifuata mimi, miiba imenichana mimi. Nisingeling'oa, lingekuwa bado lipo kilimani. Nyundo ni ya mgongaji!"

"Uliling'oa ukalipiga teke," akasema Anyitike. "Mtu akitupa mtoto, akaokotwa, atasema ni wake? Mimi nimeyapima mawe yote ya njia ile kwa mkono, nikalichagua kwa uzito wake. Dhahabu si nzito? Nimelibeba mimi. Lingebaki njiani, ng'ombe wangelipita."

"Ulilipikia dagaa!" akasema Saumu. "Ulilala nalo, ukaamka nalo, hukuliona. Mimi nimeliona, nimelilamba, nimelichoma pini. Nisingeita, mngelizika na majivu."

"Umeliona baada ya kulivunja kwa kutojua kuzima moto," akajibu Kabula. "Na mpaka sasa tuna njaa."

"Nimekosa, na njaa naisikia mimi pia," akasema Saumu. "Lakini jicho langu halikukosa."

Mwalimu akawasikiliza wote, na moyo ukamwuma kwa kuwapenda. Alimtazama Kabula akaikumbuka mikono yake mwenyewe ya ujanani, isiyochoka ila yenye pupa. Alimtazama Anyitike, aliyembebea mkoba kila goti lilipomgomea, bila kuombwa. Alimtazama Saumu, mwoga wa kila kitu kambini, mende, giza, choo cha shimo, lakini mbele ya jiwe hakuogopa hata majivu. Angekuwa na watoto, angetaka wawe hawa. Na alikuwa ameahidi, na ahadi ni deni.

Dereva akapiga honi. Wanafunzi wengine walishapanda garini. Watatu wale wakasimama mbele yake, wanatazama chini.

Mwalimu akaichomoa nyundo kiunoni. "Wazee walisema," akaanza taratibu, akitafuta pa kutokea, "figa moja haliinjiki chungu."

Dereva, ambaye naye alikuwa hajala, akatoa kichwa dirishani. "Kweli, Mwalimu. Lakini nyundo ina mpini mmoja."

Mzee akacheka huku machozi hayajamkauka. Kisha akaacha kucheka, maana dereva alikuwa amesema kweli tupu, na akaunyoosha mkono wenye nyundo.

Haya, wenzangu. Kabula aling'oa, akatupa. Anyitike alibeba, akapikia. Saumu aliharibu, akaona. Gari linanguruma, mkono wa mzee umenyooka hewani, na hatarudi tena Nsanga. Msinitazame mimi, mimi sikuwa na nyundo. Semeni nyinyi, na kila mtu atoe sababu yake. Je, ni nani kati yao aliyestahili nyundo ya Mwalimu Kashindye?