Annis Katikati ya Maua ya Buluu

Mwezi wa Mei misitu ya Galloway huvaa nguo mpya. Chini ya miti maua ya buluu hutandaa kama mkeka, na vichaka vya manjano kando ya mto huwaka utadhani jua limedondokea humo. Lachlan Muirhead alizaliwa katikati ya rangi hizo, kisha akazipa kisogo. Miaka kumi na sita aliishi jijini Edinburgh akichora mahakimu wenye nyuso za mawe na miungu ya Kigiriki ambayo hajapata kuiona. Mara tatu wakubwa wa sanaa walizikataa picha zake. Mara ya tatu alifunga sanduku lake, akapanda treni, akarejea kijijini kwao amenywea kama kuku aliyenyeshewa.

Dada yake, Bethia, alimpokea kwa bakuli la uji wa shayiri. "Kula, kaka. Umerudi mikono mitupu, lakini mikono yenyewe si umerudi nayo?"

Bwana Tait, mhunzi, hakuwa na huruma hiyo. Kila Lachlan alipokatiza mbele ya karakana yake, alipaza sauti: "Ee Lachlan! Miungu yako imekufukuza mbinguni?" Nao waliokuwapo wakaangua kicheko.

Kejeli hizo zilimkaa moyoni kama mwiba. Asubuhi moja alibeba kisanduku chake cha rangi, akashika njia ya mtoni. Msituni aliwakuta watoto wakichuma maua. Walikuwamo Mysie, binti wa Bethia, na Annis, mtoto pekee wa mjane aliyewafulia watu nguo. Annis alikuwa na pengo la meno mawili na ulimi usiojua likizo.

"Mjomba, unakwenda wapi?" Mysie aliuliza.

"Nakwenda kutupa rangi."

"Kutupa sisi?" Annis alidakia, mikono ameshaikinga. "Ahsante, Mjomba!"

Lachlan alicheka hadi akakaa chini. Hakuwa amecheka hivyo kwa muda mrefu. Alifungua kisanduku, akaanza kuwachora palepale, rangi nzito nzito, buluu juu ya kijani, waridi juu ya manjano. Safari hii hakumwamuru mtu atulie. Watoto walikimbia, wakagombana, wakavikana mataji ya maua, naye akawafuata kwa brashi. Mto haukukipata kisanduku siku ile, wala siku nyingine.

Alichora majira yote ya joto. Kisha baridi ikaja na surua, na surua ikamchukua Annis. Mama yake alijifungia ndani, na majirani, kwa kuogopa kumtonesha, wakaacha kabisa kulitaja jina la mtoto.

Masika yalipofika, mchungaji wa kanisa alimwomba Lachlan atundike picha zake katika ukumbi wa kijiji. Lachlan alizitoa zote, isipokuwa moja aliyoigeuza ikatazama ukuta. Bethia aliiona.

"Ile ya Annis huipeleki?"

"Itamchoma mama wa watu."

"Ameshachomwa, kaka. Usimpangie kilio chake. Mpelekee mwenyewe achague."

Alikwenda, picha ameifunika kwa kitambaa. Mlango ulipofunguliwa, alisema kwa sauti ndogo, "Hodi, Mama Annis."

Mwanamke yule alishtuka. Tangu mazishi hakuna aliyemwita hivyo. Lachlan alifunua picha. Mama alinyoosha kidole, akaligusa lile pengo.

"Sikuwa na picha yake hata moja," alisema. "Nilikuwa nimeanza kusahau anavyocheka, Lachlan. Niliogopa hata kumwambia mtu." Alilia, na katikati ya kilio akacheka. "Kaitundike ukumbini kwanza, kila mtu amwone. Halafu uniletee."

"Ni yako tangu leo, Mama Annis."

Ukumbi ulifurika. "Tazama wangu, soksi zimemshuka kama kawaida yake!" mzazi mmoja alipiga kelele. Lakini mbele ya picha ya Annis sauti zilishuka. Bwana Tait alivua kofia. "Nilikutania vibaya, mwanangu," alimwambia Lachlan. "Hawa ni wetu. Umetuonyesha wetu."

Kesho yake mlango wa Bethia haukupumzika. Zililetwa zawadi: samaki wa chumvi, gunia la viazi, fulana ya sufu. Bwana Tait alileta jiko la chuma alilolifua mwenyewe: "Vidole vyako vikiganda, nani atamchora mjukuu wangu?" Wa mwisho alikuwa Mama Annis, na shuka la kitani jeupe pepepe.

"Likate, uliwambe kwenye fremu, uchore picha nyingine," alisema. "Watoto wapo wengi."

Lachlan alilipokea kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga, akashukuru. Ugenini alicheza miaka kumi na sita bila kupigiwa hata kofi moja. Nyumbani, msimu mmoja tu ulitosha. Hakika, mcheza kwao hutunzwa.