Shekhe Aliyesimamisha Vyungu

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa milimani, nchi ya Sham, ambako Waislamu, Manasara na Mayahudi walichota maji kisima kimoja, alifika shekhe kijana aitwaye Burhani bin Wathiqi. Alikuwa na ijaza saba, vyeti vya wanazuoni, kutoka Baghdadi, na wallahi hakuna aliyekaa naye kitako bila kutajiwa zote saba. Elimu ilimjaa hadi masikioni. Pengine ndiyo maana hakusikia vizuri.

Hata mwezi haujaisha, akafariki Jubairi, msuka mikeka, baada ya maradhi marefu yaliyokomba kila kilichokuwamo ghalani mwake. Shekhe akamswalia, akamzika, kisha akaenda kumpa pole mjane wake, Bi Raihana. Mlangoni akakuta vyungu vyote vya nyumba vimefudikizwa, midomo chini.

"Nini hiki?"

"Ni desturi yetu, Shekhe. Mtu akifiwa hufudi..."

"Desturi! Hivi hivi nimeviona mlangoni mwa Mnasara. Mnawalisha majini, au mnawafunika? Bibi, ogopa Mungu. Kwa kila chungu kilichopinduliwa hapa, mumeo anabanwa kaburini."

Sasa mjane wa siku moja aambiwe nini zaidi ya hapo? Bi Raihana akavisimamisha vyungu kimoja kimoja. Shekhe akarudi kwake akimhimidi Mola kwa kuing'oa bid'a bila hata kufungua kitabu.

Asubuhi ya siku ya nne akapita kumsomea marehemu dua. Akatoka binti mdogo, Lubna, wa miaka mitano, akamshika joho.

"Baba Shekhe, umeleta chakula?"

Shekhe akachungulia ndani. Dada yake Lubna alikuwa amelala mkekani, kichwa hakiinuki. Mama yao yumo edani, hatoki nje. Siku tatu amewapa maji na punje za ngano mbichi, hadi punje zenyewe zikaisha.

"Subhanallah! Majirani hawakuja?"

"Hawakuja, Shekhe," akajibu Bi Raihana, akivuta ushungi usoni, kana kwamba fedheha ile ilikuwa yake.

Shekhe akatoka mbio hadi nyumba ya pili, kwa Tekla, bibi wa Kinasara, mfinyanzi. Akamkuta anakanda udongo.

"Mama, nakuomba chakula. Si changu, ni cha watoto wa Jubairi."

Tekla hakuinua macho. "Kumbe leo chakula chetu kimekuwa halali?"

"Mama..."

"Hapa kwetu, baba, mfiwa hafui, hapiki. Anafudikiza vyungu, nasi tunajua zamu ni yetu: leo Mnasara, kesho Myahudi, kesho kutwa Mwislamu. Akivisimamisha, maana yake tumeshiba, msitusumbue. Nilipika dengu siku ya kwanza. Nikafika kizingitini, nikaona vyungu vimesimama, nikarudi nalia. Nikasema, hata Raihana, niliyemzalisha kwa mikono hii, leo ananiona najisi?"

"Si yeye. Ni mimi."

"Nilikuja kujua ni wewe. Mji mzima unajua, ila tulidhani wana cha kula." Ndipo akamtazama. "Usijione wa kwanza. Kasisi wetu alipofika alituambia hayo ni ya Mayahudi, tuyaache. Mayahudi nao walipata rabi wao, akawaambia ni ya Majusi. Kila dini imetuletea mmoja wa sampuli yako. Haya, jitwike hilo sufuria, la moto."

Shekhe mwenye ijaza saba akajitwika dengu za Tekla, akapita nazo katikati ya soko, mchuzi ukimchuruzika kwenye joho jeupe. Watu wakampisha. Hakuna aliyecheka, naye alitamani wacheke.

Alipokwisha kuwapakulia akapiga magoti. "Bi Raihana, nimekudhulumu. Nilimsingizia Mwenyezi Mungu neno ambalo hakulisema, na watoto wako wakalilipia kwa njaa. Nisamehe."

"Mimi nimekusamehe, Shekhe. Lakini njaa haikuwa yangu peke yangu. Waombe na wenyewe."

Basi akamgeukia Lubna, uso ukimwaka. "Mwanangu, nisamehe."

Mtoto akalamba kidole, akalitazama joho lile lililochafuka. "Kesho utaleta tena?"

Wanasema alileta, kila siku, miezi minne na siku kumi, hadi eda ikaisha. Na kila Ijumaa alilieleza kosa lake mimbarini, kwa jina lake, bila kulipamba.

Enyi ndugu, haramu iko wazi na halali iko wazi. Lakini sisi wenye vyeti tuna haraka ya kufuta tusichokijua. Kabla hujaiita desturi ya watu upotofu, uliza kwanza ni nani anayekula kwayo. Allah atusitiri na elimu isiyouliza.