Ndiyo, Siyo na Bado

Watoto, koroma ni dafu lililozeeka, au ni nazi ambayo haijakomaa? Swali hili nimelitafuna hadi meno yakalegea, jibu sikupata. Basi niwape kisa chake.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko na mashamba, Mzee Nyati na Bwana Kiboko walimiliki mnazi mmoja. Kupanda hawakuweza, hivyo Bi Kindi ndiye aliyewaangulia.

"Dafu ni langu, ninywe," alisema Nyati. "Nazi ni yako, Kiboko, ukune."

"Na mimi mpandaji?" aliuliza Kindi. Nyumbani watoto wake walikuwa wakilamba chungu kitupu.

"Ee bibi wee!" alisema Nyati. "Tunda la mnazi ama ni dafu, ama ni nazi. La tatu halipo. Tukupe lipi?"

"Na nikilipata la tatu?"

"Chukua! Chukua yote!" Wakacheka, kwa! kwa! kwa!

Kindi akapanda, paru-paru-paru. Akagonga tunda moja kwa kucha, ko! ko! Akaliacha. Akagonga jingine, akatabasamu. Puu! Likaanguka.

Nyati akalitoboa, akagugumia. "Ptuu! Maji makali haya! Si dafu hili."

"Basi ni nazi," alisema Kiboko, akakaa kwenye mbuzi, kile kibao cha kukunia. Nyama ikateleza tu. Tui, hata tone. "La! Nazi gani hii?"

"Si dafu, si nazi," alisema Kindi taratibu. "Wazee wangu, naomba langu."

Nyati akapiga ukwato chini. "Haiwezekani! Kitu ni hiki ama ni kile! Kanuni hiyo ndiyo inayolinda zizi langu: simba yumo, ama hayumo!"

"Na zizini ni kweli tupu, Mzee. Usiiache! Ila tunda hukua polepole. Huku juu kuna ndiyo, kuna siyo, na kuna bado."

"Bado," Kiboko alirudia, kana kwamba neno lenyewe lina ladha. "Ndugu yangu Nyati, tumenasa."

Nyati hakuwa mjinga. Alizoea lango la zizi tu. Akacheka mwenyewe.

Ikaamuliwa: langoni ifuatwe kanuni ya Nyati, mnazini ya Kindi, na makoroma yote yaliwe na watoto wa Kindi. Aliyeyabeba hadi mlangoni kwao, mavuno baada ya mavuno, ni Nyati, yakining'inia kwenye pembe zake.

Watoto, mizani ya sonara ni sahihi, na ya muuza kuni nayo ni sahihi. Shida ni kutumia moja mahali pa nyingine.