Mshumaa wa Askofu Mfupi

Nipeni masikio, nami niwape kesi. Nimeibeba miaka mingi na imenishinda. Labda kati yenu yumo hakimu.

Zamani huko Ulaya palikuwa na nchi ndogo iitwayo Halveden. Haikuwa na mfalme. Mtawala wake alikuwa askofu, asubuhi akiongoza misa, mchana akiamua kesi na kupanga walinzi wa mpakani. Watu wa kawaida walifungwa kwenye ardhi yake, na hakuna aliyehama wala kuoza binti ng'ambo ya mpaka bila kuwa huru.

Watatu kati yao ndio wenye kesi yetu. Odo, mchunga mbuzi, alizijua njia za mlimani hata zikifunikwa na theluji. Berno, mvushaji, aliujua mto kama chumba chake cha kulala. Na Hedwiga, mjane mfuga nyuki, alikuwa na mikono isiyotetemeka.

Sasa sikieni desturi yao. Askofu akifa, kanisani huwashwa mshumaa mmoja wenye urefu wa kimo chake. Mrithi akikalia kiti kabla haujazimika, nchi hubaki ya kanisa. Ukizimika kwanza, nchi humwangukia kabaila wa jirani, bwana aliyewalimisha watu wake hata Jumapili.

Mwaka huo akafa Askofu Reinolf. Mtu mwema kabisa, Mungu amrehemu, ila alikuwa mfupi! Mshumaa wake uliishia kifuani mwa fundi aliyeutengeneza. Mapadri nao wakamchagua mtawa Wigand, aliyeishi peke yake kileleni, na theluji ikaanza kuanguka siku hiyohiyo.

Odo akapanda. Siku ya nne akaufukua mlango wa mtawa, akamkuta miguu imevimba, hawezi hatua. Akambeba mgongoni mpaka mtoni, kanisa likiwa ng'ambo. Vidole viwili vya mguu wake Odo vikafa kwa baridi.

Mtoni mabonge ya barafu yalikuwa yakigongana, na wavushaji wengine walikataa. Berno akasema, "Panda, Baba. Usiniangalie mimi, angalia ng'ambo." Walipogusa ukingo, barafu ikapasua mashua aliyoachiwa na baba yake. Akaitazama ikizama.

Na kanisani je? Mshumaa ulikuwa umebaki kidole kimoja. Mjumbe wa kabaila alikaa mbele yake, mikono mapajani, akingoja. Hedwiga akarudi nyumbani, akavunja mizinga yake yote kumi na miwili huku akilia, maana nyuki wasio na masega majira ya baridi ni nyuki waliokufa. Kwa siku mbili akaulisha mshumaa nta, tone kwa tone.

Mjumbe akafoka, "Huu si mshumaa ule!"

"Moto ni uleule, bwana," Hedwiga akajibu. "Umeukodolea macho siku zote. Uliuona ukizimika?"

Mjumbe akainuka, akaondoka. Wigand akaingizwa, akaketi kitini, na kanisa zima likalia kwa furaha.

Ikabaki desturi ya mwisho. Askofu mpya, kabla ya kumega mkate wake wa kwanza, hutaja familia moja iwe huru. Moja tu. Jua likizama hajataja, hakuna apataye uhuru. Mke wa Odo alikuwa mtu wa ardhi ya kabaila, wakionana sikukuu tu; akiwa huru, Odo angeweza kuhamia kwake. Binti wa Berno alikuwa na mchumba ng'ambo ya mpaka. Hedwiga alikuwa na dada katika mji huru, aliyemwekea mizinga aanze upya.

"Ninyi watatu mmenipa kiti hiki," askofu akasema, machozi yakimtoka. "Nisaidieni kuchagua."

Hedwiga akasema, "Mpe Odo, Baba. Bila yeye ningekuwa nalisha mshumaa bure. Namshukuru."

Odo akasema, "Mpe Berno. Mgongo wangu uliishia ukingoni mwa mto. Namshukuru yeye."

Berno akasema, "Mpe Mama Hedwiga. Bila yeye tungefika gizani, Baba. Mimi nitamshukuru mpaka naingia kaburini."

Shukrani zikazunguka, zikarudi palepale zilipoanzia. Msaada gani huo! Askofu akawatazama mmoja mmoja, mkate mzima mkononi, na dirishani jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja.

Mimi nawapenda wote watatu, ndiyo maana nimeshindwa. Haya, mkate sasa uko mkononi mwako. Unataja jina la nani?